Kumpeleka ndugu kliniki ya afya ya akili: uchunguzi unavyofanywa na tiba inavyoendeshwa

Watu wengi wanaofika kliniki ya afya ya akili kwa mara ya kwanza huwa wanasubiri kipimo. Wanatarajia kwamba damu itachukuliwa au kichwa kitapigwa picha, kisha itoke karatasi yenye jina la ugonjwa, kama inavyotoka karatasi ya malaria. Karatasi hiyo haipo. Mpaka leo hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayoweza kuthibitisha peke yake kwamba mtu ana skizofrenia, sonona au ugonjwa wa hisia mseto, na vipimo vya maabara ambavyo daktari ataagiza vina kazi nyingine nitakayoieleza mbele. Ugonjwa wa akili hutambuliwa kwa maelezo: yale ya mgonjwa mwenyewe, yale ambayo daktari anayaona na kuyasikia akiwa amekaa naye, na yale ya mtu anayeishi naye nyumba moja. Nimemsindikiza mdogo wangu kliniki kwa miaka 11 sasa, na nimeona kwamba safari tulizokwenda na maelezo kamili zilizaa tiba, na zile tulizokwenda mikono mitupu zilizaa kubahatisha.

Ni ugonjwa, au ni shida za maisha?

Kulia msibani, kukosa usingizi siku za mitihani au kupoteza hamu ya kula baada ya kuachishwa kazi si ugonjwa. Wataalamu hupima mambo matatu kwa pamoja: dalili zenyewe, muda ambao zimedumu, na kiasi ambacho zimevuruga kazi, masomo, usafi wa mwili na uhusiano wa mtu na wenzake. Kwa sonona, kwa mfano, hali ya huzuni au kutofurahia chochote inatakiwa iwe imedumu karibu kila siku kwa muda usiopungua wiki mbili, pamoja na dalili nyingine kama vile usingizi kuharibika, mwili kukosa nguvu, kushindwa kutuliza mawazo, kujiona hufai au kuwaza kufa. Kwa kipindi cha kuchangamka kupita kiasi katika ugonjwa wa hisia mseto, ambao wengi huuita bipola, kawaida ni wiki moja au zaidi: mtu halali wala hachoki, maneno yanamtoka mfululizo, anagawa mali, anaanzisha biashara tatu kwa siku moja, na anakasirika akizuiwa.

Vipimo hivyo vya muda vimetoka katika vitabu viwili vinavyotumiwa duniani. Kimoja ni Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, ambao toleo lake la 11 lilianza kutumika tarehe 1 Januari 2022, na kingine ni mwongozo wa chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani, ambao toleo lake la tano lilitoka 2013. Vitabu hivi havikubaliani katika kila jambo. Kwa skizofrenia, cha kwanza kinataka dalili za mwezi mmoja, na cha pili kinataka usumbufu uwe umeendelea kwa miezi sita. Kwa hiyo daktari mmoja akiandika jina hili na mwingine akaandika jina lile, au jina likibadilika baada ya mwaka, haimaanishi kwamba mmoja wao hajui kazi. Jina la ugonjwa huu hukomaa kadiri muda unavyopita, na muda ni sehemu ya uchunguzi.

Naomba nikae kidogo kwenye sonona, kwa kuwa ndiyo inayotupita mbele ya macho. Mgonjwa wetu wa kawaida hasemi "nina huzuni". Anasema kichwa kinawaka moto, mgongo unauma, moyo unakwenda mbio, anahisi kama wadudu wanamtembea utosini, au anasema tu kwamba ana mawazo mengi. Atapimwa malaria mara nne na taifodi mara tatu, atakunywa dawa zote, na mwili utaendelea kuuma. Mtu wa aina hiyo akiwa pia ameacha kwenda kwenye kikundi chake cha kuweka na kukopa, ameacha kusuka nywele au kunyoa, na anaamka saa tisa za usiku akikodolea paa, mwulize mhudumu wa afya kwa maneno ya wazi: inawezekana hii ni sonona?

Skizofrenia na aina nyingine za saikosisi huonekana upesi zaidi. Mtu anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, mara nyingi zikimzungumzia au kumwamuru, au anaamini kwa uhakika usiotikisika kwamba anafuatwa, anawekewa sumu au mawazo yake yanasomwa redioni. Kabla ya hayo huweza kuwa na miezi ya kujitenga na kuporomoka masomoni ambayo familia huiita ujeuri. Kwa mama aliyejifungua, hali kama hiyo inayolipuka katika wiki mbili za mwanzo ni dharura, naye asiachwe peke yake na mtoto hata kwa nusu saa.

Kuhusu majini na kurogwa, sijawahi kumshinda mzee yeyote kwa ubishi na nimeacha kujaribu. Ninachofanya ni kuomba mambo mawili: dua na maombi yaendelee bila mgonjwa kufungwa, kupigwa wala kushindishwa njaa, na dawa za hospitali zisisimamishwe kwa amri ya mtu yeyote asiyeziandika. Waganga na viongozi wa dini wengi hukubali wakiombwa kwa heshima, na wapo wanaotuhimiza wenyewe tuwahi hospitali.

Daftari

Nunua daftari la shule kabla ya siku ya kliniki, na uanze kuandika leo. Andika ulichokiona na kukisikia, pamoja na siku na saa, na uache hukumu. "Amechanganyikiwa" halimsaidii daktari. Ukurasa wa kwanza wa daftari letu, uliojaa mabaki ya chai, unasema hivi: "Jumanne. Hakulala. Saa nane usiku alikuwa anafagia uwanja. Jumatano. Amekataa chai, anasema majani yamebadilishwa. Alhamisi. Ameziba tundu la kitasa kwa karatasi ya unga. Anacheka peke yake, akiulizwa anasema wananitania. Ijumaa. Amelala saa mbili tu. Hajaoga tangu Jumapili." Tabibu aliyelisoma alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba mistari hiyo mitano ilikuwa imemwokolea kazi ya mwezi mzima.

Kurasa za mwisho ziweke historia. Ni lini mara ya mwisho alikuwa mzima kabisa, na nini kilibadilika kwanza? Je, kuna mtu katika ukoo, upande wa baba na upande wa mama, aliyewahi kuugua hivi, kulazwa au kujiua? Hapa familia huficha, nami naelewa aibu hiyo, lakini jibu la swali hili hubadilisha uamuzi wa daktari. Aliwahi kuanguka kifafa, kuumia kichwa au kuugua homa ya uti wa mgongo? Anakunywa gongo au pombe nyingine kiasi gani, na aliacha lini? Anavuta bangi, anatafuna mirungi? Ni dawa zipi anazotumia, zikiwamo za kienyeji, za uzazi wa mpango na za kufubaza virusi vya UKIMWI? Funga dawa zote zilizoko nyumbani kwenye mfuko mmoja uende nazo, hata maboksi matupu.

Swali moja lisisahauliwe kwa mtu anayeonekana kuwa na sonona: amewahi kupita kipindi cha kuchangamka kupita kiasi, hata miaka iliyopita? Mtu mwenye ugonjwa wa hisia mseto akipewa dawa ya sonona peke yake anaweza kurushwa kwenye kipindi kingine cha kuchangamka huko, na mgonjwa aliyezama kwenye huzuni mara nyingi hakumbuki kwamba aliwahi kupanda. Wewe unakumbuka. Mwambie daktari.

Ndani ya chumba cha daktari

Safari haianzii lazima kwenye hospitali kubwa ya magonjwa ya akili. Kwetu Tanzania watu wakisikia ugonjwa wa akili hufikiria Mirembe ya Dodoma moja kwa moja, kama Wakenya wanavyofikiria Mathari ya Nairobi, Waunguja Kidongo Chekundu na Waganda Butabika, na woga wa majina hayo huwachelewesha wengi nyumbani. Shirika la Afya Duniani lilianzisha 2008 mpango wa kuwafundisha matabibu na wauguzi wasio mabingwa kutambua na kutibu magonjwa haya kwenye ngazi za chini. Kwa hiyo anza kituo cha afya au hospitali ya wilaya, uulize kama kuna kliniki ya afya ya akili na inafanyika siku gani. Wakishindwa watakupa rufaa, na barua ya rufaa hufupisha foleni unakokwenda.

Daktari ataanza kumchunguza mgonjwa tangu anapoingia mlangoni. Ataangalia mavazi na usafi, mwendo, kama anatazama watu usoni, kasi na mpangilio wa maneno, na kama uso unalingana na anachokisema. Atauliza kuhusu hisia, mawazo na sauti. Kisha yatakuja maswali ambayo familia huona ni ya mchezo, na baadhi ya wazee hukasirika: leo ni siku gani, tuko mji gani, rais ni nani, taja siku za wiki ukirudi nyuma, ukinunua mkate wa shilingi 1,500 ukatoa noti ya 5,000 utarudishiwa chenji ngapi. Anapima utambuzi wa mahali na wakati, umakini na kumbukumbu. Anaweza pia kuuliza maana ya methali. Mdogo wangu aliulizwa maana ya "haba na haba hujaza kibaba", naye akaeleza kwa utulivu jinsi ya kumimina mchele kwenye kibaba kidogo kidogo ili usimwagike. Kila neno lilikuwa sahihi, na maana ya methali ilikuwa imempita pembeni. Kipimo hiki hakitoshi peke yake, na hakimfai mtu ambaye Kiswahili si lugha yake ya nyumbani, lakini kikiwekwa pamoja na mengine humwonyesha daktari jinsi fikra zinavyofanya kazi. Usimjibie mgonjwa, wala usimnong'oneze.

Kwa sonona unaweza kuona fomu ya maswali tisa iitwayo PHQ-9, ambayo ipo kwa Kiswahili. Inauliza kuhusu wiki mbili zilizopita, kila swali lina alama 0 hadi 3, na jumla huwa kati ya 0 na 27. Alama 10 na kuendelea humfanya mhudumu aangalie kwa karibu zaidi, lakini fomu haitoi hukumu: huchuja tu, na baadaye husaidia kuonyesha kama tiba inafanya kazi. Ukijipima mwenyewe kwa simu na kupata 14, bado hujapimwa.

Sasa vipimo vya maabara. Daktari akiagiza malaria, sukari, wingi wa damu, VVU, kaswende, figo, ini au homoni za tezi ya shingo, hajakudharau wala hajakwepa tatizo. Kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kuonyesha ugonjwa wa mwili unaomfanya mtu aonekane amerukwa na akili. Alama kubwa ya hatari ni kuchanganyikiwa kulikoanza ghafla, kwa saa au siku chache, kukiwa kunapanda na kushuka, mchana anakutambua na usiku hakutambui, hasa kukiwa na homa, shingo ngumu au degedege. Huyo ni mgonjwa wa dharura ya kawaida na si wa kliniki ya wiki ijayo. Vivyo hivyo mlevi wa siku nyingi aliyeacha pombe ghafla, ambaye baada ya siku mbili au tatu anatetemeka, anatokwa jasho na kuona vitu visivyokuwapo, anaweza kufa akiachwa nyumbani. Kwa mzee, maambukizi ya njia ya mkojo au nimonia huweza kuleta picha hiyohiyo.

Kabla hamjatoka, omba dakika chache za kuzungumza na daktari bila mgonjwa kuwapo, na umpe mgonjwa naye dakika zake bila wewe. Yapo mambo ambayo kila mmoja wenu hawezi kuyasema mbele ya mwenzake.

Dawa, na yale ambayo hatukuambiwa

Siku ya pili baada ya mdogo wangu kudungwa sindano ya haloperidoli na kuruhusiwa kurudi nyumbani, jioni, shingo yake ilianza kuvutwa upande wa kushoto, polepole, kana kwamba mtu ameshika kidevu anakigeuza. Macho yalipanda juu yakabaki huko, taya likakaza, ulimi ukawa mzito. Hakuwa na homa na akili zake zilikuwa kamili. Alikuwa anatusikia, na machozi yalikuwa yanamtiririka. Shangazi, ambaye anampenda kama mwanawe wa kumzaa, alisema jini limechukizwa na sindano, na ubani ukawashwa. Tulipoteza saa tatu. Muuguzi wa zamu alipomwona aliuliza maswali mawili tu, amepewa dawa gani na lini, akamdunga promethazini, na kabla ya saa moja kwisha shingo ilikuwa imerudi mahali pake. Hospitali iliyomruhusu haikuwa imetuambia neno juu ya jambo hilo. Ndiyo maana naliandika hapa kwa urefu: kukakamaa kwa misuli ya shingo, macho, taya au ulimi katika siku za mwanzo za dawa za saikosisi ni athari inayojulikana na inayotibika. Rudi hospitali siku hiyohiyo, na kama anashindwa kumeza au kupumua usisubiri hata dakika. Kwa baadhi ya wagonjwa daktari huongeza vidonge vya benzeksoli ili kuizuia.

Zipo athari nyingine za kuzijua. Mgonjwa asiyeweza kukaa, anayezunguka chumba na kunyanyua miguu, huenda dawa ndiyo inayomsumbua na si ugonjwa, na dozi ikiongezwa kwa kosa hilo hali huwa mbaya zaidi. Mwili mgumu kama ubao pamoja na homa kali ni dharura. Olanzapini, nayo ni dawa ya saikosisi, huongeza uzito na sukari, kwa hiyo apimwe. Klozapini, inayotolewa dawa nyingine zikishindwa, inahitaji chembe nyeupe za damu kupimwa mara kwa mara. Valproati, inayotumika kwa hisia mseto, ina madhara makubwa kwa mtoto aliye tumboni, na mwanamke anayeweza kupata mimba aulize kuhusu dawa nyingine. Karbamazepini, inayotumika pia kwa hisia mseto, hupunguza nguvu ya baadhi ya vidonge vya uzazi wa mpango na vya VVU, na ikileta vipele na malengelenge lazima arudi mara moja.

Lithiamu, iliyoanza kutumika baada ya kazi ya daktari John Cade wa Australia mwaka 1949, ni dawa nzuri sana ya hisia mseto, lakini nafasi kati ya kiasi kinachoponya na kinachodhuru ni finyu, kwa hiyo kiwango chake kwenye damu hupimwa. Kuharisha, kutapika na jua kali hukipandisha, na vilevile dawa za maumivu ambazo tunanunua duka la dawa bila kuuliza, diklofenaki na ibuprofeni. Kutetemeka sana, kuyumba na kutapika ni ishara za kwenda hospitali leo. Anayefunga Ramadhani huku akitumia lithiamu azungumze na daktari mapema, Rajabu au Shaabani, asisubiri mwezi uandame.

Kuhusu muda, hapa ndipo tiba nyingi huvunjikia. Dawa za sonona kama fluoksetini na amitriptilini huchukua wiki mbili hadi nne kabla ya nafuu kuonekana, ilhali kinywa kukauka au kichefuchefu huja siku ya kwanza, hivyo mgonjwa hupata karaha kabla ya faida na huacha. Mwambie hivyo mapema. Akipona anaendelea kwa miezi 9 hadi 12. Dawa za saikosisi hutuliza fujo kwa siku chache, lakini sauti na imani zisizo za kweli huhitaji wiki kadhaa, na baada ya kipindi cha kwanza tiba huendelea angalau mwaka mmoja tangu apone. Anayesahau vidonge aulizwe kuhusu sindano ya muda mrefu inayodungwa kila baada ya wiki kadhaa. Dawa zisikatwe ghafla. Na diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, isigeuzwe chakula cha usiku: baada ya wiki chache mwili huizoea na kuidai.

Tiba ya mazungumzo

Wengi wetu tunadhani kuzungumza si tiba, kwa kuwa hakuna kilichomezwa. Kusini-magharibi mwa Uganda, katika wilaya za Masaka na Rakai, ulifanyika utafiti uliochapishwa 2003 ambapo watu wenye sonona kutoka vijiji 30 waligawanywa: baadhi ya vijiji vilipata tiba ya vikundi, wanaume peke yao na wanawake peke yao, kikao kimoja kila wiki kwa wiki 16, na vingine viliendelea na maisha kama kawaida. Walizungumzia msiba, ugomvi, mabadiliko ya maisha na upweke, na namna ya kukabiliana navyo. Mwanzoni asilimia 86 ya waliokuwa kwenye vikundi walikuwa na vigezo vya sonona kuu. Mwishoni walibaki asilimia 6.5. Kwenye vijiji vingine ilishuka kutoka 94 hadi 54.7. Nchini Zimbabwe, tangu 2006, akina bibi waliofundishwa huwapokea watu kwenye mabenchi nje ya kliniki na kuwasaidia kuchambua tatizo moja baada ya jingine, wakitumia neno lao la Kishona, kufungisisa, lenye maana ya kuwaza kupita kiasi.

Kwa hiyo uliza kliniki kama kuna mwanasaikolojia, mnasihi au kikundi. Mnasihi mzuri hatoi mawaidha, hatangazi siri, na hukupa kazi ya kufanya kati ya kikao na kikao. Kwa sonona na wasiwasi wa kiwango cha chini, tiba hii inaweza kutosha bila kidonge. Kwa saikosisi inasindikiza dawa na haiwezi kushika nafasi yake. Mkikwama kwa gharama, mtafute afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kukata tamaa na kurudi nyumbani, kwa sababu maombi ya msamaha wa malipo hupitia kwake.

Akikataa kwenda, au akisema anataka kufa

Mtu aliyeumwa saikosisi kwa kawaida haoni kwamba anaumwa, na kumwambia "wewe ni mgonjwa wa akili" hufunga mlango. Anza na kinachomsumbua yeye mwenyewe. Mdogo wangu hakukubali kamwe kwenda kwa ajili ya sauti, lakini alikubali kwenda kwa ajili ya usingizi. Atumwe mtu anayemheshimu, awe mjomba au rafiki, na waende wachache. Akiwa hatari kwake au kwa wengine, Tanzania ina Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 na Kenya ina ya mwaka 1989 iliyorekebishwa 2022, na zote zinaruhusu kulazwa bila ridhaa kwa masharti maalumu. Muulize daktari wa wilaya utaratibu. Kamba na minyororo huacha vidonda kwenye mikono, na huacha kumbukumbu itakayomfanya akimbie kliniki kwa miaka.

Ukihofia kwamba anawaza kujiua, mwulize waziwazi: "Umefikia kufikiria kujiua? Umeshapanga?" Swali hilo halimtii wazo kichwani. Mara nyingi humpa nafasi ya kuutua mzigo. Akijibu ndiyo, usimkaripie wala usimtishie dhambi. Kaa naye, ondoa karibu yake viuatilifu vya shambani na kila kinachoweza kumdhuru, dawa zake zishikwe na mtu mwingine na zitolewe dozi kwa dozi, kisha mwende hospitali siku hiyo. Nchini Kenya, Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai kinakiuka Katiba. Popote ulipo, woga wa polisi usikuzuie kumpeleka mtu kwenye matibabu, maana mlango wa kwanza ni wa mapokezi ya dharura.

Nyumbani, baada ya nafuu

Tafiti zilizoanzia London miaka ya 1950 zilionyesha kwamba wagonjwa wa skizofrenia wanaorudi kwenye nyumba zenye kelele, lawama na kusimamiwa kila hatua huanguka tena kwa urahisi zaidi. Mpe kazi ndogo yenye mwanzo na mwisho, kama kuchota maji au kulisha kuku. Msile bila yeye, na msizungumze juu yake kana kwamba hayupo. Usingizi wake ulindwe kuliko kitu kingine, na bangi isiingie ndani ya nyumba.

Akiwa mzima, kaeni pamoja muandike ishara zake za mwanzo, kwa sababu kila mgonjwa ana zake na huwa zinajirudia kwa mpangilio uleule. Andikeni pia jina la dawa, dozi, siku ya kliniki na mtu wa kupigiwa simu, na mgonjwa mwenyewe ndiye achague maneno, kwani siku ya siku atakapobisha mtakuwa mnamsomea sauti yake. Karatasi yetu imebandikwa ndani ya mlango wa kabati la vyombo. Mstari wa kwanza, kwa mwandiko wa mdogo wangu, unasema: "Nikianza kufagia uwanja usiku, nipelekeni kliniki kesho yake asubuhi, hata nikisema sijambo."